Kadi tupu

Jana mwanangu alikuwa anapekua mifuko ya jaketi langu la zamani anatafuta chenji ya kufulia nguo, akatoka na kikaratasi kimekunjamana, "Mama, mbona hii kadi umejaza jina tu, huku chini hamna kitu?" Nikamwambia rudisha ulikokitoa. Hakurudisha, kakibandika kwenye friji.

Haya basi. Ilikuwa Agosti 2021, kipindi kile natoka shifti ya usiku kwa wale wazee ninaowatunza kazini nimekuwa kama msukule. Mwenzangu wa kazini akaniambia twende mto Puyallup, samaki wamepanda, huu ndio mwaka wao. Alikuwa anasema wale samoni wa pinki, wadogo kuliko samoni wote wa huku, wanaishi miaka miwili tu halafu wanarudi mtoni kutaga na kufa, na huku jimbo la Washington, Marekani, wanaingia kwa wingi miaka ya witiri, ikifika shufwa huwaoni. Madume wakishaingia mtoni wanaota nundu, wenyeji wanawaita vibyongo. Nilicheka, nikajikuta nimekubali.

Sasa mimi mtoto wa Sahare, Tanga, nimekulia kwenye harufu ya samaki, ila kwenye ngalawa ya mjomba sikuwahi kukanyaga. Mwanamke kwenye chombo ni nuksi, alisema, akaondoka na wapwa zake wa kiume. Sisi wa kike kazi yetu kutanda uduvi kwa kanga maji yakitoka, imeisha hiyo.

Leseni nikakata, na ile kadi nikapewa, kila samoni unayebaki naye unamwandika papo hapo kabla hujatupa tena ndoana. Saa kumi na mbili asubuhi tuko mtoni. Nilitegemea maji maangavu kama kwenye kalenda, kumbe mto unatoka kwenye barafu ya mlima Rainier umebeba vumbi la mawe, rangi yake chai ya maziwa iliyopoa, na baridi yake inapenya kwenye buti la mpira mpaka kwenye mfupa. Watu bega kwa bega. Ndoana haina kile kijino cha kumzuia samaki asichomoke, chambo hamna, ni chubwi na kipande cha uzi wa sufu wa pinki, maana samoni akishaingia mtoni hali tena, anauma kwa hasira tu ukimpitishia kitu puani. (Mjomba nilipomweleza hili alinyamaza kwanza, halafu akasema, "Samaki asiyekula, huyo unamvuaje?")

Saa mbili nzima nilinasa mawe, nikanasa mshipi wa mzee mmoja wa Kikambodia kulia kwangu, mara mbili, wala hakununa.

Halafu mshipi ukasimama. Nikadhani jiwe tena nikavuta kwa hasira, jiwe likaondoka. Wallahi jiwe liliondoka, likashuka na mkondo, rili ya kuzungushia mshipi ikalia kama cherehani, na watu wote kule chini wakainua fimbo zao nipite, hakuna aliyewaamrisha, waliinua tu kama wanampisha bibi harusi, na mimi huyo nakimbia kwenye mawe na buti la kuazima linalonipwaya nasema yallah yallah yallah. Mikono ilikuwa inatetemeka mpaka mabegani. Nilichokuwa nakiwaza wakati ule, sijui kwa nini, ni mgongo wa mjomba, anavyosukuma ngalawa bila kugeuka nyuma. Samaki akaja polepole kwenye maji mafupi, nundu ikatangulia kutokeza, mgongo una madoa meusi makubwa, mdomo umepinda. Dume. Nikapiga kelele ambayo nadhani Sahare walisikia.

Yule mzee akaja akainama, akaonesha kwa kidole. Ndoana ilikuwa karibu na mkia.

"Mdomo, sawa. Mkia, hapana," akasema, na akanionya nisimtoe majini hata kidogo. Ndio sheria, samaki hajauma, umemkwarua tu. Nikamshika pale pale nikaichomoa, akatulia mkononi mwangu kidogo hivi, baridi, mzito, kisha hayupo.

Sikupata mwingine. Wakati wa kuondoka nikamwomba mzee nipige picha na mmoja wa kwake, akanipa nishike, akacheka. Nikaituma kwa mjomba na salamu tu, sikuandika kitu kingine. Shikamoo mjomba, na picha.

Usiku akapiga mwenyewe. Hajawahi kunipigia. "Marahaba mwanangu. Huyo ndoana ilimshika wapi?"

"Mdomoni, mjomba."

Na kweli yule wa kwenye picha ilimshika mdomoni, ila nanyi mnaelewa. Akasema, "Basi una mkono." Miaka sitini baharini, wapwa zake wa kiume sijasikia akiwaambia hivyo hata mmoja.

Shangazi anasema picha ile imezunguka baraza zima, kila mgeni lazima aoneshwe. Mara mbili tatu nimejaribu kumweleza, naanza, "Mjomba, yule samaki," yeye anadakia na kusimulia upya mbele ya watu, na kila akisimulia kibyongo kinakua.

Wiki iliyopita katuma ujumbe wa sauti, anakohoa kwanza, halafu: "Wa witiri wameshaingia?" Bado sijamjibu. Kadi ipo kwenye friji, nikifungua kuchukua maziwa naiona.