Nyonga, msamba na tyubu ya baiskeli

Mtu akikuambia nyonga inauma kwa sababu hunyooshi viungo vya kutosha, mwambie ahsante, halafu nenda zako. Mimi nilisikiliza miezi minne.

Nimekulia kambi ya jeshi ya Mbuya, hapa Kampala, tenisi nilianza kwa kuokotea wakubwa mipira, na sasa nacheza viwanja vya Lugogo wikendi, nikiwa na miaka arobaini na sita na kitambi cha wastani. Mwaka jana nyonga ya kushoto ikaanza. Kila nikipiga sevu na kutua, kitu kinachoma ndani kabisa, pale kinenani. Kushuka kwenye boda kukawa aibu: naubeba mguu kwa mkono kama mkungu wa matoke.

Uwanjani kila mtu ni daktari. Mmoja akasema uzee. Mwingine akanisomea habari za Andy Murray, yule bingwa wa tenisi wa Uingereza, alivyopasuliwa nyonga 2018, akapasuliwa tena 2019 akawekewa chuma, na Oktoba mwaka huohuo akabeba kombe Antwerp. Sawa, lakini Murray harudi nyumbani kwa boda. Kocha mmoja, ambaye huniita Afande ingawa sijawahi kushika bunduki, wimbo wake ulikuwa mmoja tu: "Afande, umekakamaa. Nyoosha!"

Nikanyoosha. Tena kwa kiburi: nikaamua nitapiga msamba.

Ilikuwa Jumapili jioni, sebuleni, sakafu ya vigae, na mimi, mtu mzima mwenye akili zake, nimevaa soksi. Nimeshika kiti cha plastiki huku na kingine huku. Nikashuka kidogo, nikajiona mwanasarakasi. Nikashuka tena. Soksi zikateleza, viti navyo vikaondoka pamoja nami, kila kimoja na upande wake. Nikakwama. Kupanda siwezi, kushuka siwezi, na kelele siwezi kwa sababu mama mkwe yupo, amekuja kutoka Arua. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama. "Baba Zuhura, umeangusha nini huko chini?" Mama mkwe akageukia ukuta kwa heshima, lakini mabega yake niliyaona yakitikisika. Waliokuja kuniokoa ni mwanangu na kijana wa jirani, kila mmoja kwapa lake. Wiki mbili sikugusa raketi.

Ndipo nikaenda kliniki moja ya viungo Ntinda, elfu hamsini na kitu hivi. Nikapokelewa na binti ambaye kwa umri ningeweza kumtuma dukani. Akanilaza kifudifudi. "Mzee, kunja magoti, halafu ziache nyayo zidondokee nje." Mguu wa kulia ulianguka kama mlango uliong'oka bawaba. Wa kushoto ukaishia njiani. Akasema hapo ndipo pamekaza, nyonga kuzungukia ndani. Anayepiga kwa mkono wa kulia hutua kwa mguu wa kushoto baada ya sevu, mwili mzima unageukia juu ya nyonga hiyo, siku nenda rudi. Msamba hauingii hapo hata kidogo.

Kisha akanisimamisha mbele ya kioo, mguu mmoja, nichuchumae kidogo. Nilikuwa na mkanda wa marehemu baba, ule wenye chuma kipana. Mguu wa kulia, chuma kikatulia. Wa kushoto, kikainamia kulia kama mizani ya muuza nyanya mwizi, na goti likakimbilia ndani. "Msuli wa pembeni ya tako umelala," akasema, "kazi yake inabebwa na kinena." Miezi minne nanyoosha kitu ambacho kilikuwa kinadai nguvu!

Alitaka ninunue mpira wa mazoezi, ule utepe wa kuvutika. Dukani bei ilinichekesha, nikaenda kwa fundi wa baiskeli Nakawa. Kwanza nilijitia ujuzi nikachukua tyubu ya pikipiki. Usifanye hivyo. Ni ngumu kama mkwe mwenye deni, iling'oa nywele za miguu na ungaunga wake ukanipaka suruali nzima. Ya baiskeli, kuukuu, alinipa karibu bure. Kata, funga duara juu ya magoti, vaa suruali ndefu, chuchumaa kidogo na tembea upandeupande kama kaa, kwenda na kurudi koridoni hadi tako liwake moto. Likiwaka paja la mbele tu, umesimama wima mno. Mswaki napiga kwa mguu mmoja, nikiangalia mkanda kwenye kioo. Kabla ya mechi siketi tena chini kujivuta. Nazungusha na kurusha miguu mpaka jasho litoke. Kujivuta polepole ni kwa usiku.

Ilichukua miezi miwili, labda mitatu. Watoto wa jirani wananiita Kaa. Lakini mwezi uliopita nilicheza seti tatu na yule bwana wa "uzee", nikashuka kwenye boda kwa miguu yangu yote miwili, na mshindi sitamtaja kwa sababu ni mimi.

Juzi kocha kanivuta pembeni, kashika kiuno, ananiuliza ile tyubu nilipata wapi. Nikamwambia anyooshe kwanza.