Kumbe kutu ndiyo iliyokuwa imeziba matundu

Kwa karibu miezi mitatu sikutoka nyumbani Himbi, hapa Goma, bila bidoni (madumu) mbili za maji nyuma ya gari. Corolla yangu ya mwaka 1996 ilikuwa imeanza kunywa maji kuliko mafuta. Kufika Birere si mbali, lakini nikikwama kwenye foleni mshale wa joto unapanda, nasimama pembeni, nangoja, najaza. Siku moja sikungoja. Nilifungua kifuniko cha rejeta (radiatere, tunavyosema Goma) injini ikiwa bado ya moto, na alama ya mvuke ninayo mkononi hadi leo.

Maji niliyokuwa nikijaza ni ya ziwa, yale yanayopandishwa mtaani kwa bidoni za lita 20. Birika letu jikoni lina ganda jeupe kwa sababu ya maji hayo, maana Ziwa Kivu lina madini mengi. Ganda la birika nililiona kila asubuhi. La injini sikulifikiria.

Nilijaribu yote wanayoyasema madereva. Nilipaka sabuni ya kipande kwenye ufa wa rejeta, ikashika siku mbili. Nikavunja yai ndani, nalo likashika wiki nzima, kisha hita ikaacha kutoa joto kwa kuwa vijibomba vyake vyembamba viliziba. Yai nisingemshauri mtu.

Mwishowe nikaamua kusafisha. Injini ikiwa baridi nilifungua kizibo cha chini, yakatoka maji yenye rangi ya tofali. Bloki ya injini hii ni ya chuma, na maji matupu yasiyo na dawa ya kuzuia kutu huila taratibu kutoka ndani. Nikatia siki na maji, nikawasha kwa nusu saa, nikamwaga, nikasuuza mara tano hadi maji yakawa meupe. Nilijiona fundi. Asubuhi yake rejeta ilikuwa ikivuja sehemu tatu badala ya moja.

Fundi wa Majengo alicheka kwanza. "Papa, umemuosha mgonjwa ukamtoa na bandeji." Kutu na ganda ndivyo vilivyokuwa vimeziba matundu mengine. Bahati ni kwamba rejeta yangu ni ya zamani, ya shaba, kwa hiyo inalehemeka kwa risasi. Zile za alumini zenye vichwa vya plastiki, plastiki ikipasuka unanunua nyingine tu. Aliitoa, akaziba matundu, akaitumbukiza kwenye beseni na kuipuliza upepo tukitazama mapovu. Dola 15.

Nikarudi nyumbani nikifurahi, na maji yakaendelea kupungua.

Hapa ndipo niliteseka zaidi. Usiku nilitandika katoni chini ya gari, asubuhi ikawa kavu. Nikaogopa gasketi ya kichwa cha injini, ile inayozuia maji yasiingie kwenye oili. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili, oili haikuwa na rangi ya maziwa. Tukawasha gari kifuniko kikiwa wazi, hakukuwa na mapovu. Ni fundi aliyeona mstari wa kahawia ubavuni mwa bloki, nyuma ya ekzosi (bomba la moshi). Kimojawapo cha vile vizibo vya duara vilivyogongwa kwenye bloki kilikuwa kimetobolewa na kutu. Kilivuja injini ikiwa na moto na presha tu, na maji yakaangukia ekzosi na kukauka kabla ya kugusa ardhi. Katoni yangu ingekaa pale mwaka mzima.

Ekzosi ikafunguliwa, kikagongwa kizibo kipya cha shaba. Nilinunua pia kifuniko kipya cha rejeta, cha presha ya bar 0.9, kwa kuwa mpira wa kile cha zamani ulikuwa umekauka. Nilidhani ni kitu kidogo, lakini Goma iko juu, kama mita 1,500, na maji ya wazi hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kifuniko kizima kinabana presha, maji hayachemki hadi yapite 110. Kibovu kinakuacha na 95 zako, na temostati, mlango unaoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta, yenyewe inafunguka kwenye 82. Nafasi iliyobaki ni ndogo.

Nilitaka kujaza maji ya mvua, fundi akanionyesha mabati ya jirani yalivyoliwa. Moshi wa volkano ya Nyiragongo unaifanya mvua yetu kuwa na asidi. Nikanunua maji ya betri, yasiyo na madini, nikachanganya nusu kwa nusu na kulanti ya kijani (ile dawa ya kuzuia kutu), karibu lita 6 jumla.

Sasa ni miezi miwili. Bidoni moja mke wangu ameirudisha jikoni. Juzi nilichungulia kwenye chupa ya akiba: kijani bado kipo, lakini kimeanza kupiga ukahawia kidogo, mabaki ya ndani ya bloki. Jumamosi namwaga tena.