Nilivyosugua viganja usingizini

Mara mbili za mwanzo furaha ndiyo iliyoniponza. Nilikuwa nikigundua tu kwamba naota, moyo unaruka, na mara naitazama dari ya chumba changu. Nikaapa kwamba siku nyingine sitashangilia.

Siku hiyo ikaja, karibu na alfajiri, wakati ambao ndoto huwa ndefu zaidi. Nilikuwa nimeamka kunywa maji, nikarudi kulala huku nikijiambia: nikiota, nitajua. Nikajikuta kwenye ujia mrefu, ukutani pana saa. Nikaitazama, nikageuka, nikaitazama tena. Sasa ilikuwa na mishale minne. Basi, ni ndoto hii.

Nilitulia. Nikasugua viganja polepole mpaka nikasikia joto, ili ndoto isikatike. Ajabu yake ni kwamba mikono yangu ya kweli ilikuwa imetulia tuli chini ya shuka, maana katika usingizi wa ndoto mwili hulegea karibu wote, isipokuwa macho na misuli ya kupumua. Ndiyo maana mwaka 1975, huko Uingereza, mtafiti Keith Hearne aliweza kunasa kwa mashine ishara za mwotaji Alan Worsley, aliyekuwa akipeleka macho kushoto na kulia kwa makusudi, naye yuko usingizini. Nilikumbuka habari hiyo mle mle ndotoni, nikacheka. Kicheko kikaniponza: kuta zikaanza kupauka.

Nikajizungusha kama pia. Ushauri huo, wa kuishikilia ndoto inayofifia, ni wa mtafiti wa ndoto Stephen LaBerge, na nilipousoma niliudharau. Giza likatanda, lakini ile hali ya kuzunguka haikukatika, na niliposimama miguu yangu ilikuwa juu ya mchanga, mbele yangu bahari. Nikainama, nikauchota. Punje zilikuwa nyingi mno, kila moja na rangi yake. Nikajiuliza nani alipata muda wa kuzitengeneza zote hizi, kumbe fundi mwenyewe ni mimi. Macho sikuyatuliza: mchanga, maji, vidole vyangu, mchanga tena. Nilipokodolea kitu kimoja, kiliyeyuka.

Labda zilipita dakika tatu. Kisha nikaamka, nikawasha taa, nikachukua daftari na kuandika yote, ukurasa mzima, safari hii nikishangilia bila woga. Nikarudi juu kusoma. Mstari wa kwanza haukuwa nilioandika. Nikausoma tena, ukawa mwingine.

Hata viganja sikuwahi kuvisugua.