Siku moja ya kupima homoni za msongo kwenye mate na damu

Saa 3:00 asubuhi. Mshiriki wa utafiti wetu, unaopima jinsi mazoezi yanavyobadilisha homoni za msongo, hajafika, na ndivyo tunavyotaka. Kortisoli, homoni ya msongo, hupanda yenyewe mtu anapoamka, hufika kileleni baada ya dakika 30 hadi 45, halafu hushuka mpaka usiku. Ukimpandisha mtu baiskeli asubuhi, mshuko huo unaweza kumeza ongezeko lote la mazoezi, ukaandika kwamba mazoezi hayakufanya kitu. Mchana homoni imetulia zaidi. Basi asubuhi ni ya matayarisho: neli zenye EDTA (kemikali ya kuzuia damu kuganda) zinalazwa kwenye barafu, sentrifuji, yaani mashine ya kuzungusha sampuli kwa kasi, inapozwa hadi nyuzi 4, na neli za mate zinapimwa uzito zikiwa tupu.

Saa 7:00 mchana. Mshiriki amefika. Amekula saa ngapi? Amekunywa kahawa? Amepiga mswaki muda si mrefu? Fizi ikivuja damu hata kidogo, mate hayo hayafai, kwa sababu kortisoli ya damu ni nyingi mno kuliko ya mate. Tunauliza pia kuhusu vidonge vya uzazi wa mpango: estrojeni huongeza protini inayobeba kortisoli, kwa hiyo jumla ya kwenye damu inapanda bila tezi inayoitengeneza kufanya kazi zaidi. Na krimu za ngozi zisisahaulike. Haidrokotisoni ndiyo kortisoli yenyewe. Kidole chenye krimu kikigusa mrija wa mate, sampuli imeharibika.

Saa 7:15. Kanula, mrija mwembamba wa kuchotea damu, inaingia mkononi, kisha mtu anakaa kimya dakika 30. Tusiibie muda huu. Sindano yenyewe hupandisha adrenalini, homoni nyingine ya msongo, na ukichota damu mara moja umepima woga wa sindano.

Saa 7:50. Sampuli za mwanzo. Kila mara mililita 2 za kwanza zinamwagwa, kwa kuwa zimechanganyika na maji ya chumvi yaliyobaki kwenye kanula. Kwa mate, mtu amesukutua kwa maji dakika 10 kabla. Anameza mara moja, saa inaanza kuhesabu, anainamisha kichwa na kuacha mate yajikusanye chini ya ulimi, kisha yateleze yenyewe kupitia mrija mfupi. Asiteme kwa nguvu, maana povu halipimiki. Pamba tunaikwepa: inanyonya vizuri, lakini hupotosha testosteroni, na mara nyingi tunaitaka kutoka sampuli hiyohiyo.

Saa 8:00. Baiskeli, dakika 30, kwa takriban asilimia 75 ya uwezo wa juu wa kutumia oksijeni. Chini ya asilimia 60 hivi kortisoli huenda isipande kabisa.

Dakika ya 29 ndiyo inayotukosesha raha. Damu ya mwisho lazima ichotwe mtu angali anakanyaga pedali, kwa sababu nusu ya adrenalini hutoweka ndani ya dakika 2 hivi. Ukisubiri ashuke na kufuta jasho, umechelewa.

Saa 8:30 hadi 9:30. Kortisoli haina haraka hiyo. Kilele chake mara nyingi huja baada ya mazoezi, na mate hufuata damu kwa dakika kadhaa, hivyo tunakusanya dakika ya 0, 10, 20, 30 na 60. Mdomo umekauka, tunampa muda zaidi, si ndimu wala bazoka, kwani kuchochea mate hubadilisha amilasi (kimeng'enya cha mate). Neli inapimwa uzito tena, gramu 1 ikihesabiwa mililita 1, tupate kasi ya mtiririko.

Saa 10:00 jioni. Damu ilikwenda sentrifuji kila ilipochotwa, na plazima, yaani majimaji ya damu bila seli zake, iko kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Sasa ni hesabu ya Dill na Costill ya mwaka 1974 ya kukadiria plazima imepungua kiasi gani, inayotumia himoglobini na hematokriti (sehemu ya damu iliyo seli nyekundu). Jasho na shinikizo hutoa maji kwenye mishipa: plazima ikipungua asilimia 10, kortisoli ya nanomoli 300 kwa lita inasomeka 333 bila tezi kutoa chembe moja. Anayeruka hatua hii anatangaza maji kuwa homoni.

Saa 11:00. Mate yanagandishwa. Siku ya kupima yatayeyushwa na kuzungushwa dakika 15 kwa nguvu mara 1,500 ya mvutano wa dunia ili ute utuame, la sivyo unaziba pipeti. Sampuli zote za mtu huyu zitaingia sahani moja ya kupimia yenye visima vidogo, kila moja visima viwili, kwa hiyo lebo yake ina namba ya mshiriki, dakika, na aina, kwa kalamu isiyofutika kwenye baridi.