Vioo vya rangi vya rampi za zamani: kabla hujaagiza hata kimoja

Kioo cha rangi kikipasuka kwenye rampi ya jukwaa, yaani safu ya taa zake, usikitupe upesi. Okota vipande, vipange juu ya gazeti, uvisome. Ufa ulioanzia ukingoni, ukatoka hapo wima kabisa kisha ukajipinda kuelekea katikati, ni wa joto. Nyufa zinazotawanyika kutoka nukta moja kama miguu ya buibui ni za pigo: ngazi, nyundo, mkono mzito. Kioo kilichopigwa unakibadilisha tu. Kilichopasuka kwa joto, ukikibadilisha bila kugusa fremu, kipya nacho kitakwenda njia ileile.

Nasema juu ya vile visahani vya kioo vinavyokaa mbele ya kila ampule (balbu), kwenye rampi ya chini mbele ya jukwaa au hersi, yaani rampi inayoning'inia juu: vyekundu, vya bluu, vya kijani na vya njano ya kaharabu. Kama ukumbi wenu hapa Lubumbashi, wa parokia au wa shule, ulifungwa vifaa wakati mji ukiitwa bado Élisabethville, ndivyo utakavyovikuta, tena nusu havipo.

Joto linavunja hivi. Katikati ya kioo panapokea moto wa ampule moja kwa moja, ila ukingo umefichwa chini ya pete ya chuma na unabaki baridi. Katikati panataka kutanuka, ukingo unakataa, na mvutano wote unaangukia pale ukingoni. Pakiwa na kijipengo kidogo tu kilichoachwa na koleo, ufa unaanzia hapo. Kioo cha kawaida cha dirisha huvumilia tofauti ya nyuzi 40 hivi kati ya sehemu na sehemu. Kioo cha borosilikati, kile kinachotengenezwa kwa kuhimili joto, hutanuka takriban theluthi moja tu ya hicho, ndiyo maana kinadumu. Kwa hiyo fundi vioo wa mtaani akikukatia duara la dirisha la rangi, atakuwa amekukatia kitu cha siku mbili. Kioo kilichokazwa kwa moto, kama cha madirisha ya pembeni ya gari, huvumilia nyuzi 200 hivi, lakini hakikatwi tena baada ya kukazwa: ukigusa kwa almasi kinasambaratika chote. Kinakatwa na kusuguliwa ukingo kwanza, ndipo kinapelekwa kwenye tanuru.

Sasa vipimo, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Usiagize kwa jina la ampule. Rampi za Kimarekani za ampule za R40 au PAR38 (ampule zenye kioo cha kuakisi ndani yake) mara nyingi huchukua kioo cha inchi 5¾, yaani milimita 146, na zile za PAR56 inchi 7½, yaani milimita 190 na nusu. Za Ulaya zina namba zake, na nyingine hazina duara kabisa bali mfereji wa kuingizia kioo cha mraba. Chukua kalipa, kile kipimo cha taya mbili, pima kipenyo mara tatu ukizungusha kioo, kwa sababu vioo vya kumiminwa kwenye kalibu si duara kamili. Kisha pima kikalio chenyewe, pale kioo kinapokaa kwenye chuma. Kioo kiwe kidogo kuliko kikalio kwa milimita 2 au 3. Kinapaswa kucheza. Fundi anayejisifu kwamba kioo chake kimekaa imara bila kutikisika ndiye aliyekipasua.

Pima pia unene wa ukingo, na kina cha mbonyeo kama kioo kina tumbo. Kilaze tumbo likitazama juu, weka rula juu yake, pima kutoka rula hadi meza. Tumbo hutazama nje. Ukiligeuza ndani linakaribia ampule na joto linazidi.

Tazama mgongo wa kioo. Kuna laini, kuna chenye vidoadoa, na kuna chenye mistari. Mistari haikuwekwa kwa urembo: inatawanya mwanga kuelekea pande zake mbili, si kwa urefu wake. Ukitaka nyekundu na bluu zichanganyike kwa urefu wa rampi, mistari isimame wima, ikikata urefu wa rampi. Ukiilaza sambamba na rampi, pazia la nyuma litakuwa na madoa ya rangi moja moja, na utalaumu ampule bure.

Kuhusu rangi, linganisha mbele ya ampule ya halojeni, si mbele ya jua. Vioo vya bluu vilivyotiwa kobalti huacha nyekundu ya mbali ipenye; ukipunguza umeme, ampule inageuka ya manjano na bluu yako inakuwa zambarau. Huo si ubovu wa kioo. Agiza rangi nzima kwa pamoja, maana tanuru mbili hazitoi rangi moja, na ongeza akiba ya kimoja kwa kila vinane.

Wa kuulizwa ni wachache. Kopp Glass ya Pittsburgh, Marekani, ni kiwanda cha zamani cha vioo vya rangi, vikiwemo vya ishara za reli na za viwanja vya ndege. Wauzaji wa vifaa vikuukuu vya tamthilia kule Ubelgiji na Uingereza huvunja rampi nzee na kuuza vioo kimoja kimoja. Mzigo ukija kwa ndege hadi uwanja wetu wa Luano au kwa lori kupitia mpaka wa Kasumbalesa, sharti ni moja: vioo visimame kwa ukingo kama sahani kabatini, kila kimoja na kadibodi yake. Vikilazwa kimoja juu ya kingine, cha chini hubeba vyote kila gurudumu linapoingia shimoni.

Rosco wanauza vioo vya dikroiki kwa jina Permacolor. Hivi havifyonzi rangi zisizotakiwa, vinazirudisha nyuma. Rangi ni safi na haififii, lakini mwanga ukipita kwa mshazari rangi hubadilika. Mbele ya ampule inayotawanya sana utaona katikati rangi moja na pembeni nyingine. Tena nguvu iliyorudishwa inarudi kwa ampule na soketi yake. Mimi ningevitumia kwa PAR zenye mwali mwembamba tu.

Mkikosa fedha, jelatini, yaani karatasi ya plastiki ya rangi, inafaa, na sioni aibu yake. Karatasi ya Lee ya sentimita 122 kwa 53 inatoa duara 24 za milimita 146. Namba zinazokaribia vioo vya zamani ni 106 nyekundu, 139 kijani, 119 bluu na 104 kaharabu. Chukua ile ya HT inayostahimili joto. Wengi huweka kioo kisicho na rangi nyuma yake wakidhani kinazuia moto, kumbe sehemu kubwa ya joto la halojeni hupita kwenye kioo kama mwanga. Kinachookoa jelatini ni umbali na upepo: isogeze mbele, acha hewa ipite pande zote mbili. Bluu na kijani ndizo hufa kwanza.

Vya kukataa: rangi ya kupaka ya vioo vya kanisa ambayo haikuchomwa tanuruni, maana inageuka kahawia, bakuli za jikoni zinazoitwa za kioo cha moto, kwani nyingine ni kioo cha kawaida kilichokazwa, na vile vioo vinene vya kuchungulia ndani ya mitambo, ambavyo mji wa migodi kama huu unakushawishi kuvijaribu. Ni borosilikati kweli, ila cha milimita 146 chenye unene wa 15 kina zaidi ya nusu kilo. Zidisha kwa 24 juu ya vichwa vya wanakwaya.

Kabla ya kufunga: zima umeme, shusha hersi, subiri ipoe. Nyaya zenye koti la kijivu lenye nyuzinyuzi na gasketi zake zinaweza kuwa asbesto. Usizipige brashi kavu, zilowanishe kwanza, vaa barakoa inayofaa kazi hiyo. Gasketi mpya iwe ya utepe wa nyuzi za kioo. Springi tatu zinazoshika kioo zibane kwa wepesi, na ile iliyokufa uibadilishe badala ya kuipinda. Ukilazimika kusugua ukingo wa kioo chekundu, tumia maji, kwa kuwa rangi hiyo mara nyingi ina kadimi na vumbi lake ni sumu. Chini ya hersi weka wavu wa waya.

Asubuhi za Juni na Julai kioo kimelala baridi. Anzia robo ya nguvu kwa dakika tano, hasa umeme unaporudi ghafla swichi zote zikiwa juu. Na kabla ya Novemba panda darini utazame mabati juu ya hersi: tone moja la mvua kwenye kioo cha moto litakurudisha kwenye gazeti na vipande.