Jinsi Nilivyojenga Lango la Gede Mbele ya Nyumba Yetu Minnesota

Miaka mitatu ya mwanzo tangu tuhamie Brooklyn Park, kitongoji kilicho kaskazini ya Minneapolis, tulikuwa tukizima taa ya nje kila usiku wa tarehe 31 Oktoba, usiku wa Halloween, ambapo watoto huvaa vinyago na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, na watoto wa mtaani, ambao wanajua kuwa taa iliyozimwa ni ishara kwamba nyumba hiyo haigawi peremende, walikuwa wakitupita. Mwaka wa nne binti yangu, aliyekuwa darasa la tatu, aliniuliza kwa nini nyumba yetu peke yake ikae kama imehamwa. Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nikamwahidi kwamba tutaipamba kwa ajili ya Halloween, lakini kwa masharti mawili: hatutanunua pambo lililotengenezwa kiwandani, na hatutaweka makaburi. Mimi ni mtu wa Mombasa, na kwetu kaburi huzuriwa na kufagiliwa, halichezewi, hata kama ni la kuigiza.

Sharti hilo la pili lilitunyima pambo lililo rahisi kuliko yote, kwa sababu karibu kila uwanja hapa hujaa mawe ya makaburi ya bandia. Kabla ya kuamua lolote tulikwenda kutazama nyumba za Anoka, mji usio mbali na kwetu unaojiita makao makuu ya Halloween duniani. Mwaka 1920 wakubwa wa mji huo waliandaa gwaride ili kuwashughulisha vijana, ambao usiku huo walikuwa na mazoea ya kufanya ukorofi wa kila namna, ukiwemo wa kuwafungulia ng'ombe wakazagaa barabarani. Nilirudi na wazo moja tu, nalo halikutokana na mizuka wala viunzi vya mifupa niliyoiona huko. Nilikumbuka Gede, mji wa kale wa Waswahili uliobaki magofu karibu na Malindi. Nilipelekwa huko na shule nikiwa mtoto, na hadi leo sijaona mahali panapotisha kwa utulivu kama magofu yale ya mawe ya matumbawe katikati ya msitu, mizizi ikiwa imekumbatia kuta, na wenyeji wakinong'ona kwamba pale pana wenyewe. Nikaamua kujenga lango la jumba la Gede, lile lenye tao lililochongoka juu, ili kila mtoto anayekuja kuomba peremende alipite kwanza.

Nilinunua bodi mbili za polistairini, yaani povu gumu la plastiki, zile za rangi ya waridi ambazo mafundi wa huku huziweka ukutani ili kuzuia baridi. Kila moja ilikuwa na upana wa sentimita 122, urefu wa sentimita 244 na unene wa sentimita 5. Nilizilaza sakafuni gereji, zikiwa zimegusana ubavu kwa ubavu, nikachora nguzo ya sentimita 45 kila upande. Tao nililichora kwa kamba ya mita moja iliyofungwa penseli upande mmoja na msumari upande wa pili, na siri yake ni mahali pa kuchomeka msumari: ukiuchomeka kwenye kiungo cha katikati utapata nusu duara kama la daraja, lakini ukiusogeza ng'ambo ya kiungo, kwangu ilikuwa sentimita 23, kisha ukarudia vivyo hivyo kwa upande wa pili, mistari miwili itakutana juu kwa ncha. Nilikata kwa kisu chenye wembe mrefu, nikipitisha mara tatu au nne badala ya kukandamiza, kwa sababu bodi hiyo ikilazimishwa hukatika kwa vipande vilivyomeguka. Mabaki ya katikati sikuyatupa. Niliyakata vipande na kuyabandika kwenye kingo ili ukuta uonekane mnene, nikitumia gundi iliyoandikwa koponi kwamba inafaa kwa povu, na kila kiungo nikakitia vijiti vya mishikaki vya kukishika gundi inapokauka.

Kosa langu kubwa nililifanya siku iliyofuata. Nilikuwa na kopo la rangi nyeusi ya kupuliza lililobaki kutoka kwenye kazi ya kupaka viti vya chuma, nikadhani litaniharakishia kazi. Nilipopuliza kwenye mguu wa nguzo ya kushoto, rangi haikukaa juu ya povu bali ilianza kulila: uso uliokuwa laini ulinywea mbele ya macho yangu kama sukari iliyodondoshewa maji, ukatoboka vishimo vidogo vidogo, vingine vikaungana kuwa mapango ya ukubwa wa kidole gumba, na harufu kali ikanitoa gereji mbio. Kiyeyusho kilichomo katika rangi nyingi za namna hiyo huyeyusha polistairini, jambo ambalo kila fundi wa mapambo haya analijua, na ambalo mimi nililijua siku hiyo. Nilikaa nje nikiwa na hakika kwamba dola zangu karibu mia moja zimekwenda na maji.

Niliporudi baada ya saa moja na kumulika kwa tochi, niliona kitu nilichokuwa nikihangaika jinsi ya kukipata. Ile nguzo ilikuwa matumbawe. Vishimo, kingo kali, mashimo ndani ya mashimo, yote yalikuwa kama ukuta wa nyumba ya kale uliobanduka chokaa. Niliyatoa mapande yote uani, nikavaa barakoa yenye vichujio na glavu, nikasimama upande upepo unakotoka, nikapuliza kwa makusudi: sana kwenye miguu na kingo ambako jiwe huliwa kwanza, kidogo katikati, na sehemu nyingine nikaziacha laini ili zionekane kama chokaa iliyosalia. Nashauri anayetaka kujaribu njia hii aanze na kipande cha kutupa, kwa kuwa mkono ukichelewa sekunde mbili mahali pamoja, shimo linatokea upande wa pili.

Baada ya hapo nilitumia rangi ya maji peke yake, ambayo haina madhara kwa povu. Mkono wa kwanza ulikuwa wa kijivu kilichokaribia weusi, uliosukumwa kwa brashi hadi ndani ya vishimo; wa pili ulikuwa wa kijivu cheupe, kwa brashi iliyopanguswa karibu kukauka, ikipitishwa juujuu ili ishike migongo ya jiwe tu. Mwisho nilichanganya nyeusi na kijani na maji mengi, nikaimimina juu ya tao na kuiacha ichuruzike yenyewe, maana michirizi ya mvua haichoreki kwa mkono. Kazi hii ilibidi ifanyike gereji karibu na hita, kwa kuwa kufikia katikati ya Oktoba baridi ya huku mara nyingi hushuka chini ya nyuzi 10, na rangi nyingi za maji hazishiki vizuri katika hali hiyo.

Binti yangu naye alitaka buibui wa kukaa juu ya lango. Nilipomweleza mama kwa simu kwamba ninatengeneza buibui jeusi la mlangoni, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani huko milango nayo huvishwa buibui, mwanangu?" Ilinichukua muda kumfahamisha kwamba nazungumzia mdudu.

Kiwiliwili tulikifanya kwa puto mbili, kubwa na ndogo, tulizozibandika vipande vya magazeti kwa uji wa unga wa ngano, gundi ileile tuliyoundia tiara utotoni: kikombe kimoja cha unga kwa viwili vya maji, chumvi kijiko kimoja ili usiote ukungu upesi, ukapikwa hadi ukavuta. Tulipiga tabaka nne, kila moja ikipewa siku nzima ya kukauka mbele ya feni, kwani tabaka nene zikipigwa kwa pupa hukauka juu huku ndani zikioza. Miguu ilikuwa mirija ya povu jeusi inayovishwa mabomba ya maji ya moto, ndani yake nikapitisha waya mnene ili ikunjike na kubaki ilivyokunjwa. Niliichomeka minne kwenye tumbo na minne mbele, nikajiona nimemaliza. Mtoto aliitazama kazi yangu na kunifahamisha kwamba miguu yote minane ya buibui hutoka sehemu ya mbele, tumboni hakuna hata mmoja. Nilifungua kitabu chake cha sayansi nikitumaini amekosea. Tukaing'oa, tukaziba matundu, tukaanza upya.

Kusimamisha lango ndiyo kazi niliyoiogopa, kwa sababu kitu kikubwa kama kile kisicho na uzito ni tanga la jahazi. Jirani yangu, mzee aliyekulia hapa, alinikumbusha theluji ya Halloween ya mwaka 1991, iliyoanza siku hiyohiyo na kuzidi sentimita 70 katika eneo letu, akaniambia nijenge kana kwamba itarudi. Nyuma ya lango nilipiga fremu ya mbao, nikaikaza kwa nondo mbili nilizozipigilia ardhini na kwa waya uliofungwa kwenye nguzo za baraza. Mishumaa niliikataa kabisa, kwa vile povu na karatasi hushika moto upesi. Tulimulika kwa taa za LED za kutumika nje, tukiziweka chini nyuma ya nguzo ili vivuli vya vishimo virefuke kwenda juu.

Theluji haikuja, ila upepo ulivuma na lango halikuyumba. Watoto walipita kwa makundi, makoti mazito yakiwa yamefunika nusu ya mavazi waliyoyatafutia wiki nzima, na wengi walisimama kwanza kuligusa jiwe, wakashangaa kuona kidole kinabonyea. Mwanamke mmoja aliyewaleta wanawe alilitazama tao kwa muda, kisha akaniuliza kwa Kiswahili cha Malindi, "Hili si la Gede hili?" Nilimpa peremende mkono mzima, naye hakuwa hata amevaa kinyago.

Lango liling'olewa siku ya pili na kuning'inizwa kwa kamba kwenye dari ya gereji, ambako limekaa salama hadi leo. Buibui hakubahatika. Tulipomtoa Aprili tulikuta panya wamemtoboa tumbo na kujenga humo, wakiwa wameula uji wa ngano na kuyaacha magazeti, huku miguu yake minane ikiwa mizima kama tulivyoiacha. Buibui wa pili tulimbandika kwa gundi ya mbao iliyotiwa maji kidogo, na panya hawajamgusa.