Nilivyopata haidrojeni kutoka maji machafu ya kahawa kwa jua na mrututu

Kahawa ya arabika ikishamenywa, punje hubaki na ute wa sukari. Huvundikwa mpaka ute ulegee, kisha huoshwa, na maji yanayotoka hapo huwa ya kahawia, machachu, yamejaa sukari na pektini. Yakiachiwa mtoni, bakteria huyashambulia na kumaliza oksijeni, samaki wakakosa pumzi. Mimi nimekulia chini ya Kilimanjaro, na harufu hiyo ya msimu naijua vizuri. Ndiyo maana ulipofika wakati wa utafiti wangu wa uzamili wa kemia, sikuhangaika kutafuta maji mengine. Mama aliyesimamia mtambo wa kumenyea kahawa alinikuta nikijaza dumu, akaniambia, "Mwanangu, haya hata ng'ombe hawayataki. Unayapeleka wapi?" Nikamjibu, "Maabara, mama. Nataka kuyatoa gesi ya kuwaka."

Wazo lenyewe si langu. Mwaka 1972 Fujishima na Honda wa Japani walionyesha kwamba titani dioksaidi, ule unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za ukuta, ikipigwa na mwanga inaweza kutenganisha maji. Mwanga hung'oa elektroni ndani ya unga. Elektroni hizo zikikutana na asidi iliyomo majini, haidrojeni huzaliwa. Lakini kila elektroni ikiondoka huacha pengo, na pengo lazima lizibwe na kitu. Maji safi hutoa elektroni zake kwa shida sana. Sukari huzitoa kwa wepesi zaidi, na jambo hilo watafiti Kawai na Sakata walilionyesha mwaka 1980. Kwa hesabu ya karatasini, molekuli 1 ya glukosi pamoja na 6 za maji hutoa 12 za haidrojeni na 6 za kaboni dioksaidi. Kwa vitendo sukari huvunjika nusu njia na kuacha asidi ndogondogo, lakini hata hiyo nusu ina faida mara mbili: gesi inapatikana na uchafu unapungua.

Unga peke yake hautoshi, kwa sababu elektroni nyingi hurudi kwenye pengo zilikotoka kabla hazijafanya kazi yoyote. Panahitajika chembe za metali za kuzidaka. Wengi hutumia platinamu, ambayo bei yake siiwezi. Mimi nilichukua mrututu, chumvi ya shaba ya buluu ambayo wakulima wa kahawa wamekuwa nayo miaka mingi kwa ajili ya chulebuni (ugonjwa unaoozesha buni) na kutu ya majani. Niliuyeyusha kidogo, shaba ikiwa kama asilimia 1 ya uzito wa unga, nikauchanganya na unga na maji ya kahawa ndani ya chupa ya kioo kigumu, nikaziba kwa kizibo cha mpira na kupitisha naitrojeni ili hewa yote itoke. Kisha nikaitoa juani, sumaku ikikoroga.

Hapo kuna kitu ambacho natamani kila mwanafunzi akione kwa macho yake. Unga uliokuwa na buluu hafifu huanza kugeuka, ukawa wa kijivu, kisha zambarau iliyokolea. Ni mwanga unaoibandika shaba juu ya unga. Ukiingiza hewa kidogo, rangi inafifia na weupe unarudi. Rangi hiyo ikawa mlinzi wangu: chupa iliyopauka ikiwa juani nilijua kizibo kinavuja, na gesi yake sikuipima.

Shida kubwa ilikuwa mwanga kufika. Titani dioksaidi hutumia urujuanimno tu, mwanga usioonekana kwa macho, yaani mawimbi mafupi kuliko nanomita 390 hivi, na hiyo ni kama asilimia 4 au 5 ya nishati ya jua. Maji ya kahawia huinyonya hata hiyo kidogo. Kwenye mitambo mingi huwa wanatia chokaa kupunguza uchachu, lakini maji ya kahawa yakiacha uchachu hugeuka kijani kinachokaribia weusi, na kwa kazi yangu hayo ni giza tupu. Kwa hiyo niliyaacha na uchachu wake, nikayatuliza usiku kucha, nikayachuja, nikayazimua. Sukari ikapungua, gesi ikaongezeka.

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: nitajuaje kwamba haidrojeni imetoka kwenye mwanga? Maji haya yana bakteria, na wapo wanaotoa haidrojeni wenyewe gizani wakila sukari. Kwa makusudi niliweka chupa nyingine iliyofungwa kwa karatasi ya alumini, na kweli, ile ya gizani nayo ilitoa gesi. Ndipo nikaanza kuchemsha maji yote kwa mvuke wa nyuzi 121 kabla ya kupima. Baada ya hapo chupa ya gizani ilinyamaza, yenye maji bila unga ikanyamaza, na ile ya juani ikaendelea kutoa. Kwenye kromatografia ya gesi, kifaa kinachotenganisha gesi na kuchora kilele kwa kila moja, nilitumia argoni kuisukuma sampuli, maana ukitumia heliamu haidrojeni haionekani vizuri. Kilele kidogo kilipotokea mahali pake, nilimpigia simu baba palepale.

Kiasi chenyewe ni mililita, na sitamdanganya mtu kuwa kitapika ugali kesho. Hata paneli za mita za mraba 100 za timu ya mtafiti Domen huko Japani, zilizotangazwa mwaka 2021 na zinazotumia maji safi, ziligeuza asilimia 0.76 tu ya nishati ya jua kuwa haidrojeni. Mwenye mtambo wa kahawa akiniuliza leo, nitamwambia achimbe shimo la biogesi kwanza. Nafasi ya mwanga naiona baada ya biogesi, kwenye masalia ambayo bakteria huyashindwa, hasa yale yanayoyapa maji rangi.

Sasa ninapambana na shaba. Katika maji machachu huyeyuka taratibu na kuondoka na maji, na siwezi kusafisha mto kwa kuutia shaba. Najaribu kuupaka unga kwenye vigae ili usitawanyike, na kila maji yanayotoka nayapima shaba kabla ya kumwaga. Anayetaka kujaribu aanze kwa chupa ndogo, nje, mbali na moto: haidrojeni hulipuka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, na mwali wake mchana hauonekani.